Maisha ya Bwana George Eastman, Aliyewapa Watoto Kamera
Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

George Eastman alizaliwa tarehe 12 Julai, 1854, katika mji mdogo wa Waterville, katika jimbo la New York, Marekani. Baba yake alifariki mwaka 1862, wakati George hajatimiza miaka minane. Wakati huo walikuwa wamekwisha hamia mji wa Rochester. Mama yake, Bibi Maria, akawa hana njia ila kupangisha vyumba vya nyumba yake ili watoto wapate kula. George aliona taabu hiyo, akaacha shule angali mdogo, akawa tarishi katika ofisi ya bima kwa mshahara wa dola 3 kwa juma. Mwaka 1874 alipata ukarani katika benki moja ya mji huo.

Mwaka 1877 alikuwa akifikiri kusafiri, na mwenzake mmoja wa kazini akamshauri achukue kamera. Akanunua vyombo vyote. Lo! Ulikuwa mzigo wa punda. Kamera yenyewe ilikuwa kubwa kama sanduku, tena ilihitaji miguu mitatu ya kuishikilia, vioo, chupa za dawa, chombo cha maji na hema. Siku hizo picha ilipigwa juu ya kioo. Mpiga picha aliingia ndani ya hema lenye giza, akapaka kioo dawa, akapiga picha kingali kibichi, kisha akarudi mbio kuisafisha kabla dawa haijakauka. Kazi ya namna hiyo haikuwa ya mtoto, wala ya mtu maskini.

Safari ile Eastman hakwenda kabisa, lakini kamera ilimshika moyo. Alisoma katika magazeti ya Kiingereza kwamba wako watu wanaotengeneza vioo vikavu, vinavyoweza kuwekwa na kutumiwa baadaye. Basi mchana alikuwa karani, na usiku alichanganya dawa katika jiko la mama yake. Mwaka 1880 alianza kuuza vioo vyake, na mwaka 1881 akaungana na Bwana Henry Strong kuanzisha kampuni, kisha akaacha kazi ya benki. Mara vioo vingi vikaharibika mikononi mwa wanunuzi. Eastman alivirudisha vyote na kuwapa wanunuzi vingine vizuri, ingawa hasara ilikuwa kubwa sana kwa kampuni changa. Tangu hapo watu wakaliamini jina lake.

Mwaka 1888 alitoa kamera aliyoiita Kodak. Neno hilo halina maana katika lugha yoyote. Alilibuni mwenyewe kwa sababu aliipenda herufi K. Ndani yake mlikuwa na mkanda wa kutosha picha 100. Mwenye kamera alipiga picha zote, akaipeleka kamera nzima kiwandani, akaletewa picha zake pamoja na kamera iliyotiwa mkanda mpya. Lakini bei yake ilikuwa dola 25, nazo zilikuwa fedha nyingi kwa watu wa kawaida.

Ndipo mwaka 1900 ikatoka kamera ndogo iliyoitwa Brownie. Aliyeibuni ni Bwana Frank Brownell, fundi wa Eastman. Ilikuwa kisanduku cha kartoni kilichofunikwa kwa kitu mfano wa ngozi, na bei yake ilikuwa dola 1 tu. Haikuwa na kidirisha cha kuchungulia. Juu yake palikuwa na mistari iliyomwonyesha mtoto upande wa kuelekeza. Katika mwaka wa kwanza ziliuzwa zaidi ya 150,000.

Eastman na wenzake hawakuridhika na kuuza tu. Walianzisha chama cha wapiga picha wachanga, cha wavulana na wasichana wasiotimiza miaka 16. Mwenye Brownie aliingia bila ada. Walipewa kijitabu cha kuwafundisha uzuri wa picha, na yakafanywa mashindano ambayo zawadi zake zilikuwa kamera 50 kwa wale waliopiga picha bora. Bila shaka biashara ilifaidika, lakini watoto nao walifaidika.

Hapa watu wengi huuliza: ikiwa mashine ndiyo inayofanya kazi, sanaa ya mtoto iko wapi? Nadhani jibu limo katika kisanduku kile chenyewe. Eastman alimwondolea mtoto hema, chupa na vioo; hakumwondolea jicho. Ni mtoto aliyeamua asimame wapi, amngojee nani acheke, jua limwangukie upande gani, na kipi kiachwe nje ya picha. Kwa hiyo sisi tunaowasaidia wadogo zetu kuandaa picha za mashindano ya sanaa ya shule, tuwape chombo na kuwaonyesha namna ya kukishika kisitikisike. Kisha tuondoe mikono yetu. Tukiwachagulia la kupiga, picha itakuwa yetu, na zawadi itakuwa ya uongo.

Eastman alipata mali nyingi, naye aliitoa. Kuanzia mwaka 1912 alikipa chuo cha ufundi cha Massachusetts kama dola milioni 20, akijificha kwa jina la Bwana Smith. Alijenga shule ya muziki Rochester, na hospitali za meno za watoto Rochester, London na miji mingine. Lakini hakuwa malaika. Mchungaji mmoja, Hannibal Goodwin, alikuwa amebuni mkanda wa namna ile ile, na kesi ikachukua miaka mingi. Mwaka 1914 kampuni ya Eastman ilishindwa, ikalipa dola milioni 5, na Goodwin alikuwa amekwisha kufa.

Mwaka 1926, akiwa mzee wa miaka 72, alifika Kenya kuwinda na kupiga picha za wanyama. Na mwaka 1930, kampuni ilipotimiza miaka 50, kila mtoto wa Marekani aliyetimiza miaka 12 mwaka huo aliweza kupata kamera na mkanda bure. Zilitolewa kamera kama 500,000.

Hakuoa wala hakuwa na mtoto. Uzeeni ugonjwa wa uti wa mgongo ulimtesa sana, na tarehe 14 Machi, 1932, alijiua kwa bastola. Mwisho huo ni wa huzuni, na haufai kufichwa. Mkanda wake nao siku hizi umebaki kwa watu wachache, maana simu imechukua nafasi yake. Lakini kila mtoto anayepiga picha bila kuomba ruhusa ya fundi anatembea katika njia iliyofyekwa na yule karani wa Rochester, aliyekuwa akikesha jikoni kwa mama yake.