Vernon Krieble, profesa mzee aliyezuia buloni kufunguka njiani

Mwaka 1953, watu wengi wa umri wake walikuwa wamekwisha kustaafu. Vernon Krieble yeye alifungua kampuni. Alikuwa na miaka 68, profesa wa kemia katika mji wa Hartford, jimbo la Connecticut, nchini Marekani. Hakuwa fundi wa magari wala mtu wa biashara. Lakini tone la maji lililotoka katika maabara yake linashika hadi leo buloni za malori, pikipiki, ndege na mashine za viwanda, na mekanisie wengi wanaolitumia hawajawahi kusikia jina lake.

Krieble alizaliwa mwaka 1885 huko Worcester, kijiji cha wakulima katika jimbo la Pennsylvania. Alisoma katika Chuo Kikuu cha Brown, kisha akafundisha katika Chuo Kikuu cha McGill, mjini Montreal, nchini Kanada. Mwaka 1920 aliitwa Hartford na chuo cha Trinity, ambako alipewa uongozi wa idara ya kemia. Alibaki hapo miaka 35. Ni maisha ya mwalimu: masomo asubuhi, maabara mchana, mitihani kila mwisho wa muhula. Kama hadithi yake ingeishia hapo, wangemkumbuka wanafunzi wake tu.

Tatizo lililobadilisha uzee wake lilikuwa la zamani kuliko yeye. Buloni ikikazwa, inajivuta kidogo kama resori, na nguvu hiyo ya kujivuta ndiyo inayobana vyuma viwili pamoja. Lakini kati ya meno ya buloni na meno ya ekru kunabaki nafasi ndogo sana. Mashine ikitetemeka, meno hayo yanateleza kidogo kidogo, ekru inazunguka kinyume, na siku moja inaanguka. Miaka mitano baada ya kifo cha Krieble, mwaka 1969, mhandisi Mjerumani Gerhard Junker alionyesha kwa vipimo kwamba mtikisiko wa kwenda upande na upande ndio unaofungua buloni haraka kuliko ule wa kuvuta na kuachia. Shofere anayepakia mizigo kutoka Bukavu kwenda Shabunda anaujua mtikisiko huo bila kusoma kitabu: kila shimo linasukuma gurudumu upande, na kila buloni ya chini ya gari inasukumwa pamoja nalo.

Kabla ya Krieble, mafundi walikuwa na mbinu zao. Waliweka rondeli ya resori, ekru mbili juu ya moja, au gupiye inayopita ndani ya tundu la buloni. Wengine walipiga nyundo kwenye ncha ya buloni ili meno yaharibike na ekru isitoke. Mbinu nyingine zilisaidia, nyingine zilisaidia kidogo tu, lakini hakuna iliyojaza ile nafasi kati ya meno.

Habari ya kitu kinachoweza kuijaza ilimfikia kupitia mtoto wake. Robert Krieble naye alikuwa mkemia, akifanya kazi katika kampuni kubwa ya General Electric. Miaka ya 1940 watafiti wa kampuni hiyo walikuwa wametengeneza maji ya ajabu: yakikaa na hewa yanabaki maji, yakikosa hewa yanakuwa magumu kama plastiki. Ila hayakuweza kuuzwa kirahisi. Ili yasiharibike, ilibidi hewa ipulizwe ndani yake bila kukoma. Nani angenunua gundi inayohitaji mashine ya kupuliza usiku na mchana?

Robert alimweleza baba yake jambo hilo. Mzee aliona kwamba kile kilichohesabiwa kuwa kasoro ndicho kilichokuwa na faida. Maji yanayogandamana yakikosa hewa ndiyo hasa yanayohitajika ndani ya buloni, kwa sababu meno yakibanwa, hewa haiingii tena. Kilichobaki ni kupata maji yatakayovumilia kukaa dukani miezi mingi.

Kazi hiyo ilifanyika katika maabara ya chuo cha Trinity, kwa mchanganyiko mpya wa dawa. Maelezo yake si magumu. Oksijeni ya hewani inazuia chembe za maji hayo zisishikane. Oksijeni ikiisha, na maji yakigusa chuma au shaba, chembe zinaanza kuungana moja kwa moja hadi kuwa kitu kigumu. Kwa hiyo vitu viwili vinatakiwa pamoja: kukosa hewa na kugusa chuma. Ndani ya chupa havipo vyote viwili. Ndani ya ekru iliyokazwa vipo.

Hata chupa ilikuwa sehemu ya jibu. Gundi hiyo inawekwa katika chupa ya plastiki laini ambayo hewa inaweza kupenya taratibu, na haijazwi hadi juu. Mteja anayenunua leo na kuona chupa ina nafasi tupu anaweza kufikiri ameibiwa. Hapana: hewa iliyo juu ndiyo inayolinda maji yaliyo chini.

Kampuni aliyoifungua Krieble iliitwa American Sealants. Jina la gundi yenyewe, Loctite, lilitolewa na Nancy, mke wa Robert. Tarehe 26 Julai 1956 gundi hiyo ilionyeshwa kwa waandishi wa habari mjini New York. Krieble alikuwa amestaafu ualimu mwaka mmoja kabla, na mwaka huo huo wa 1956 Robert aliacha kazi yake General Electric na kujiunga na baba yake. Mwaka 1963 kampuni yote ilichukua jina la Loctite. Mwaka uliofuata, 1964, Vernon Krieble alifariki. Robert aliiongoza na kuikuza katika nchi nyingi, na mwaka 1997 ikanunuliwa yote na kampuni ya Kijerumani ya Henkel. Siku hizi viwanda vingi vinatengeneza gundi ya aina hiyo, na kwenye chupa zenye maandishi ya Kifaransa inaitwa frein-filet.

Mahali ambapo kazi yake inapimwa vizuri ni chini ya gari lililoinuliwa. Wenye malori madogo na jeep wanaoongeza urefu ili kupita kwenye matope na mawe wanabadilisha resori, amortisere na vyuma vinavyoshika ekseli. Buloni nyingi zinafunguliwa na kufungwa tena kwa siku moja. Gari likiwa juu zaidi, vyuma vinakaa kwa pembe nyingine na vinasukumwa kwa nguvu nyingine. Buloni moja ya amortisere ikitoka, gari linapiga kelele. Buloni inayoshika ekseli ikitoka, shofere anapoteza usukani.

Hapo gundi inasaidia, lakini kwa masharti yanayotoka katika kemia ile ile. Meno yenye mafuta au grisi yasafishwe kwanza na yakauke, kwa sababu mafuta yanazuia gundi kushika chuma. Tone liwekwe pale ekru itakapokaa, si kwenye ncha tu. Gundi isiguse mpira wala plastiki, kwani plastiki nyingine zinapasuka. Inaanza kushika baada ya dakika chache, lakini nguvu yake kamili inakuja baada ya saa 24. Ile ya rangi ya bluu inafunguka kwa funguo za kawaida. Nyekundu mara nyingi inahitaji moto, kama digri 250.

Kosa ambalo ni hatari zaidi linahusu wakati. Buloni zinazopita ndani ya mipira ya resori na ya vyuma vya ekseli hazikazwi mwisho gari likiwa hewani. Zinakazwa magurudumu yakiwa chini na uzito wote wa gari ukiwa juu yake, la sivyo mpira unajipinda na kuchanika mapema. Fundi anayetia gundi mapema, akaenda kula, kisha akarudi kukaza, anaivunja gundi iliyokwisha kuanza kushika. Vivyo hivyo kwa zile buloni za umbo la U zinazofunga resori kwenye ekseli: resori mpya zinajipanga, na buloni hizo zinatakiwa kukazwa tena baada ya kilomita mia chache. Hizo zinahitaji ekru mpya na funguo ya kupima nguvu, na fundi anayerudi kuziangalia. Gundi iliyokauka haijikazi yenyewe.

Na hata mahali gundi inaporuhusiwa, inashika tu kile ambacho mkono umekwisha kukaza. Buloni iliyolegea na kutiwa gundi inabaki buloni iliyolegea, ila sasa haionekani. Meno yaliyolika au buloni iliyovutika hairudishwi uzima na tone lolote. Ndiyo maana vitabu vya mafundi vinaanza na nguvu ya kukaza, ndipo vinataja gundi.

 Krieble alichukua maji ambayo kampuni kubwa ilishindwa kuyatunza, akayapa njia ya kukaa salama ndani ya chupa ndogo na kugandamana mahali panapohitajika tu. Alifanya hivyo katika umri ambao wengi huhesabu kazi yao imekwisha. Malipo yake hayaonekani barabarani, kwa sababu ni ajali ambazo hazikutokea: gurudumu lililobaki mahali pake na ekseli ambayo haikuhama, na abiria walioshuka mwisho wa safari bila kujua kwamba kulikuwa na jambo la kuogopa.