Kivoi wa Kitui, mtu wa nchi kavu aliyeijua theluji



Sisi watu wa Pwani twaijua Makueni kwa dirisha la basi. Twatoka Mombasa usiku, twashuka Mtito Andei kunyoosha miguu na kunywa chai, kisha Kibwezi, Makindu na Emali zapita tukiwa usingizini. Kitui ndiyo hata hatuipiti. Anayesafiri mchana huona miba, mibuyu na mito ya mchanga mtupu, akatikisa kichwa. Na barazani husemwa maneno mabaya zaidi: kwamba Wakamba ni watu wa njaa, na kwamba kila mwaka hukaa wakingoja mahindi ya serikali. Mimi pia nimewahi kuyacheka maneno hayo. Leo nataka kusimulia maisha ya mzee mmoja wa Kitui, kisha msomaji apime mwenyewe kama kicheko kile kilikuwa cha haki.

Jina lake ni Kivoi wa Mwendwa. Inakadiriwa alizaliwa karne ya 18 ilipokuwa ikikaribia kwisha. Hakuandika kitu. Mengi tunayoyajua juu yake yametoka kwa Wakamba wenyewe, waliolihifadhi jina lake, na kwa mmishonari Mjerumani Johann Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844 na baadaye kukaa Rabai. Krapf alikuwa na shughuli zake za dini, nasi hatumo humo. Kinachotuhusu ni kwamba alimwona Kivoi kwa macho yake, akala kwake, na alikuwapo siku ya kufa kwake.

Ili umwelewe Kivoi, anza na mvua. Kitui iko chini ya ikweta kwa digrii moja na nusu hivi. Kwa hesabu ya ramani peke yake, ingepaswa kuwa msitu kama Kisangani kule Kongo, ambako mvua hupita milimita 1,600 kwa mwaka. Lakini nenda Mutomo, au teremka Kibwezi, uone. Huko mwaka wa kawaida huleta kama milimita 600, na mwaka mbaya hauleti hata nusu yake. Jua ni lile lile, na umbali kutoka ikweta ni karibu ule ule. Kwa nini basi huku kuna msitu na kule kuna miba?

Jibu lake tunalo sisi watu wa bahari, ila hatujalifikiria. Ni pepo. Kaskazi huanza Disemba hadi Machi, nao hutoka upande wa Arabuni na Somalia, nchi kavu, kwa hivyo huja na maji machache. Kusi una unyevu wa bahari, lakini katikati ya mwaka, Juni hadi Septemba, haungii bara moja kwa moja. Hupinda ukafuata pwani kuelekea Somalia na India. Sisi tulio ufuoni huambulia manyunyu, na Ukambani huambulia mawingu na baridi bila mvua. Mvua yenyewe hushuka pepo zinapobadilishana zamu, wakati ukanda wa mawingu unaolifuata jua unapovuka ikweta. Ndiyo maana kuna misimu miwili, masika na vuli. Kwetu Pwani masika ndiyo mvua kubwa. Ukambani ni kinyume: mkulima wa huko hutegemea zaidi vuli, ya Oktoba hadi Disemba. Vuli ikikosa, nyumba imekosa.

Jambo la pili ni mwinuko. Kila ukipanda mita 1,000, joto hupungua kwa digrii sita hivi, na hewa yenye unyevu ikisukumwa juu hupoa na kumwaga maji. Kwa hivyo Mbooni na Kilungu, vilima vya Makueni, hupata mvua ya kutosha kulima, na bonde lililo chini yake hukauka. Mtu anaweza kuondoka penye migomba asubuhi akafika penye miba kabla ya adhuhuri, na hajatoka kaunti moja.

Katika nchi ya namna hiyo, ghala la jirani halikusaidii, maana mvua ikikukosa wewe mara nyingi imemkosa na yeye. Chakula hufuatwa mbali, pale ambapo mawingu yalisimama. Wakamba wana neno lao, kuthuua, yaani kusafiri na bidhaa kwenda kutafuta chakula kwa wenye nacho. Walipeleka walichokuwa nacho vilimani na kwa majirani, wakarudi na nafaka. Njaa iliyotajwa kwa mwaka 1836 iliwasukuma wengine hadi Rabai na Duruma, wakakaa, na wajukuu wao wako huko hadi leo. Kwa hivyo tusidhani biashara ya masafa marefu ilianza kwa tamaa ya pembe. Miguu ya Wakamba ilifundishwa njia na ukame kwanza.

Kivoi alikua katika desturi hiyo, akaifikisha mahali ambapo wachache walifika. Wakamba walikuwa wawindaji hodari wa ndovu, na mishale yao yenye sumu ilijulikana. Pembe zilikusanywa kwao wenyewe na kwa majirani ng'ambo ya mto Tana, zikabebwa mabegani hadi Rabai na Mombasa. Kutoka kwetu walichukua nguo, ushanga, chumvi na masango ya shaba. Kivoi alikuwa na wafuasi wengi, na sauti yake ilisikika mbali na kijiji chake. Wala tusimpambe kuliko alivyokuwa: miongoni mwa waliomtumikia walikuwamo watumwa. Hilo ni doa, na sisi wa Pwani, tuliokuwa na masoko ya watumwa, hatuna mdomo wa kumsuta peke yake.

Itazame njia yake kwa jicho la hali ya hewa. Aliondoka vilima vya Kitui, akashuka mto Athi, akapita ile bapa ndefu ya Yatta, akakata nyika ya Tsavo ambako maji ya kunywa ni hesabu ya uhai, kisha akatokea kwenye minazi na unyevu wa bahari. Hesabu ya safari ilikuwa ya majira: uondoke lini ili ukute maji kwenye mashimo, urudi lini ili usikute mito imefurika. Nahodha wa jahazi alikaa Mombasa akingoja kusi kimrudishe Arabuni, na mzee wa msafara naye alikuwa na mawingu yake ya kuyangoja. Wawili hao walikutana sokoni, na upepo wa mmoja ndio uliokuwa ukiamua mvua ya mwingine.

Novemba 1849 Krapf aliondoka Rabai kuelekea Ukambani. Alipita Kikumbulyu, ambayo leo ni upande wa Kibwezi katika Makueni, akavuka Athi, akafika kwa Kivoi mwishoni mwa mwezi. Kivoi alimkaribisha. Katika mazungumzo alimweleza kwamba kuna mlima mkubwa mbali upande wa kaskazini, wenye kitu cheupe kileleni, na kwamba baridi yake ilimzuia mtu kuupanda. Mlima huo Wakamba waliuita Kiinyaa, na wengi hulieleza jina hilo kwa mbuni, ndege mwenye manyoya meusi na meupe, kama mwamba mweusi uliovikwa barafu.

Ilikuwa msimu wa vuli, na mawingu yaliufunika mlima siku baada ya siku. Tarehe 3 Disemba 1849 yalifunguka. Kutoka Kitui, umbali wa kilomita 150 hivi, Krapf akaviona vilele na weupe wake. Vitabu vikaandika kwamba mlima umegunduliwa. Nchi yetu nzima ikaja kuitwa kwa jina lililotoka katika vinywa vya wenyeji kama Kivoi, na yeye akawekwa pembeni kama mwenyeji aliyemlaza mgeni.

Kule London wasomi walibisha. Mwaka mmoja kabla, Rebmann, mwenzake Krapf, alikuwa ameona theluji ya Kilimanjaro, naye akakejeliwa. Mwanajiografia mmoja, Desborough Cooley, ambaye hakuwahi kukanyaga huku, aliandika kwa ukali kwamba theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta. Alifanya kosa lile lile la kutazama ramani na kusahau mwinuko. Mlima Kenya una mita 5,199. Ukihesabu digrii sita kwa kila mita 1,000, kutoka joto la Mombasa, utafika penye barafu bila kuuliza mtu. Ilichukua miaka mingi wasomi kuyakubali mambo ambayo mfanyabiashara wa Kitui aliyajua bila shule, kwa kuwa miguu yake ilikuwa imepita joto la ufuo, ukavu wa nyika na ubaridi wa vilima, na macho yake yalikuwa yameona barafu.

Krapf alirudi mwaka 1851. Julai aliondoka Rabai akiwa na nia ya kuweka kituo Yatta, jambo likamshinda, akaenda kwa Kivoi. Wakakubaliana kusafiri pamoja hadi mto Tana. Ilikuwa Agosti, mwezi ambao kusi umeshapinda kwenda zake na Ukambani hakuna tone. Walipokaribia Tana wakavamiwa na wanyang'anyi. Msafara ukatawanyika, na Kivoi akauawa pamoja na baadhi ya watu wake. Mtu aliyeijua nchi ile kuliko wote aliangukia mbali na kwao, njiani, kama wafavyo wasafiri wengi.

Yaliyompata Krapf baada ya hapo yanaonyesha Kivoi alikuwa na ujuzi gani. Bila mwenyeji wake, yule msomi alitangatanga peke yake, akitembea usiku. Alijaza maji ya Tana ndani ya mtutu wa bunduki na mfuko wa darubini, maana hakuwa na chombo kingine. Yalipokwisha, aliokolewa na sauti za nyani: aliwafuata hadi kwenye mto mkavu, akakuta wamechimba mchanga na maji yako chini. Mkamba yeyote angemwambia hilo tangu mwanzo. Jamaa za Kivoi walimtuhumu kwa kifo cha mzee wao, akatoroka, na mwishowe akafika Rabai.

Baada ya Kivoi biashara ile haikudumu mikononi mwa Wakamba kama zamani. Misafara ya Waswahili na Waarabu ilianza kwenda bara yenyewe, na ndovu walipungua. Ukame haukupungua. Njaa ya Ngomanisye, mwishoni mwa miaka ya 1890, iliua watu wengi mno. Ya mwaka 1961 waliiita Ndeke, kwa sababu chakula kiliangushwa na ndege. Na mwaka huo huo bahari yetu upande huu ilipopata joto kuliko kawaida, vuli ikageuka mafuriko. Majuzi hapa, kuanzia mwisho wa 2020, misimu mitano ilipita mfululizo bila mvua ya kutosha. Hayo ni ya pepo na bahari, si ya uvivu.

Wala Wakamba hawakukaa kungoja. Kitui ina mamia ya vizuizi vilivyojengwa katika mito ya mchanga ili maji yabaki chini yake, elimu ile ile ya nyani na ya mababu. Makueni ilitunga sheria ya kulinda mchanga wake mwaka 2015, kwa kuwa mchanga ukizolewa kwenda kujenga maghorofa, maji nayo yameondoka.

Na hapa ndugu msomaji tusijitoe. Maji ya Mzima tunayokunywa Mombasa ni mvua iliyonyesha juu ya vilima vya Chyulu, mpakani mwa Makueni, ikachujwa na mawe. Mto Athi aliouvuka Kivoi hubadilisha jina ukawa Galana, kisha Sabaki, ukamwagika karibu na Malindi ukiwa mwekundu kwa udongo wa Ukambani. Anachokata mtu kilimani Mbooni, sisi twakiona baharini. Anachopata mvua, twakinywa.

Kwa hivyo siku nyingine basi likisimama Mtito Andei, kabla ya kusema neno, kumbuka kwamba njia hii aliipita mzee mmoja kwa miguu, na pembe mabegani mwa watu wake, akiujua upepo wetu na barafu ya mlima kwa pamoja. Mimi ule mzaha wa barazani nimeuacha.

Wallahu aalam.