Al-Biruni na Lugha ya Wahindu

Abu Raihan Al-Biruni alizaliwa mwaka 973 katika nchi ya Khwarizm, kusini ya Bahari ya Aral. Lugha ya mama yake haikuwa lugha ya elimu. Hata Kiarabu na Kiajemi alijifunza kama mgeni.

Mwaka 1017 Sultani Mahmud wa Ghazna aliiteka Khwarizm, akamchukua Al-Biruni. Sultani huyo alikuwa akiishambulia India mara kwa mara, na nyuma ya majeshi hayo Al-Biruni akaanza kujifunza Kisanskriti, hali umri wake umepita miaka 40. Kwa nini ajitaabishe hivyo? Ndugu msomaji, aliona ya kwamba Waislamu waliotangulia kuandika juu ya dini ya Wahindu walikuwa wakinakiliana mambo ya kusikia tu. Alitaka Mwislamu atakayejadiliana na Mhindu ajue kwanza Mhindu mwenyewe asemavyo.

Taabu ilikuwa kubwa. Katika lugha ile kitu kimoja kina majina mengi, na jina moja lina maana nyingi. Vitabu vya elimu vimetungwa kwa mashairi. Nao wanakili hawakuwa waangalifu. Tena wanazuoni wa Kihindu walikuwa wamekimbilia mbali, hata Kashmir na Banaras, wakiwachukia Waislamu. Al-Biruni hakuficha kwamba chuki hiyo ilitokana na vita vya Mahmud. Si wengi wangaliandika hayo huku wakiishi chini ya dola ile ile! Alitoa mali yake kununua vitabu na kuwaita waalimu. Mwanzoni alikaa mbele ya wanajimu wao kama mwanafunzi. Baadaye wao ndio waliomwuliza.

Kitabu chake juu ya India, chenye milango 80, kilikamilika karibu mwaka 1030. Humo ameeleza imani za Wahindu kama wazisemavyo wenyewe, bila kuwatukana wala kuiacha imani yake. Pia alikifasiri kitabu cha Patanjali kwa Kiarabu.

Katika uzee, akiwa amepita miaka 80 kwa hesabu ya Kiislamu, macho na masikio yamedhoofu, aliandika kitabu cha dawa, akitaja majina yake kwa Kiarabu, Kiyunani, Kisuryani, Kiajemi na Kihindi. Humo amesimulia ya kuwa zamani Myunani mmoja alihamia nchini kwao, naye Al-Biruni alikuwa akimpelekea mbegu, matunda na mimea, akimwuliza kila kimoja chaitwaje kwao, na kuandika.