Safari ya Kaburi la Tom Mboya

Tulitoka Migori alfajiri, tukapita Rongo na Homa Bay hadi Mbita, kisha tukavuka kuingia kisiwa cha Rusinga. Mimi nilidhani tutaona kaburi tu. Kumbe ni jengo zima, lenye umbo la risasi, na ndani mna picha zake.

Thomas Joseph Mboya alizaliwa tarehe 15 Agosti 1930 huko Kilima Mbogo, karibu na Thika, kwenye shamba la mkonge ambako babake aliajiriwa. Alisoma hadi Mangu, lakini karo ikamshinda mzee. Hapo nilishtuka kidogo, maana muhula uliopita mimi mwenyewe nilikaa nyumbani wiki tatu kwa sababu hiyo hiyo. Mboya akaenda Kabete kusomea kazi ya ukaguzi wa afya, mahali ambapo hakudaiwa karo. Baadaye akaongoza vyama vya wafanyakazi, akaingia Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1957, na mwaka 1963 akatoa kitabu chake, Freedom and After.

Lakini kilichonigusa hasa ni ile ndege ya Septemba 1959, iliyopeleka vijana 81 Marekani kusoma. Alihangaika huko na huko pamoja na marafiki zake Wamarekani kuwatafutia nafasi na nauli. Yaani aliyekosa karo ndiye aliyewahangaikia wengine!

Alipigwa risasi Nairobi tarehe 5 Julai 1969, akitoka duka la dawa. Alikuwa na miaka 38 tu.

Dereva alipiga honi mara mbili kabla sijatoka mle ndani.