John Hanning Speke na Somo la Mistari

Katika masomo ya grafu na ramani, watoto wetu huwa na haraka ya kuunganisha nukta. Wakishapata mbili tu, hushika rula, hupiga mstari na kuridhika. Maisha ya John Hanning Speke, aliyepita katika nchi ya Unyamwezi zaidi ya miaka 160 iliyopita, yatuonyesha hasara ya haraka hiyo.

Speke alizaliwa tarehe 4 Mei 1827 katika jimbo la Devon, Uingereza. Mwaka 1844 aliingia katika jeshi la Bara Hindi. Mwaka 1857 yeye na Richard Burton walishika njia ya misafara kutoka pwani, na mwezi Novemba wakafika Kaze, penye Tabora ya leo. Njiani Speke alisoma dira, akakadiria mwendo, na usiku akapima nyota ili kupata latitudo. Njia yenyewe ilipindapinda kufuata maji na vijiji. Katika ramani ikawa vipande vifupi vilivyonyooka. Kadiri vipande vinavyokuwa vifupi, ndivyo mchoro unavyokaribia umbo la kweli.

Ili kupata mwinuko, alichemsha maji. Pwani maji huchemka kwenye nyuzi 100 za Sentigredi. Tabora, iliyo karibu meta 1,200 juu ya usawa wa bahari, huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Tukichora grafu ya mambo hayo mawili, twapata mstari uliopinda kidogo. Lakini kipimo kibovu huharibu nukta. Ziwa Tanganyika, walilolifikia Februari 1858, Speke alilipa mwinuko wa meta 560 hivi, ilhali ni karibu 770. Kosa la chini ya uzi mmoja wa joto lilitosha kulishusha ziwa zima.

Julai 1858, Burton akiwa mgonjwa Kaze, Speke alielekea kaskazini pamoja na Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyekuwa mkalimani wake. Wafanyabiashara wa Kaze walikwisha kuwapa habari za ziwa kubwa la huko. Tarehe 3 Agosti alilitazama karibu na Mwanza, akapima mwinuko wa meta 1,140 hivi, karibu sawa kabisa na ukweli. Papo hapo akaamua kwamba mto Naili waanzia humo. Wazo lilikuwa sahihi, lakini lilisimama juu ya nukta moja.

Mwaka 1860 alirudi Afrika pamoja na James Grant, akapita tena Kaze, na tarehe 28 Julai 1862 akafika mahali mto unapotoka ziwani, penye Jinja ya leo. Hata hivyo, alipofika maporomoko ya Karuma aliuacha mto, akakata nchi kavu, akaukuta tena mbele. Mpindo mkubwa unaopitia Ziwa Albert hakuuona. Wapinzani wake wakalishikilia pengo hilo. Tarehe 15 Septemba 1864, siku moja kabla ya kujadiliana na Burton mjini Bath, Speke alikufa mawindoni kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe. Mwaka 1875 Henry Stanley alilizunguka ziwa kwa mashua, na maneno ya marehemu yakathibitika.

Twaweza kulitumia jambo hili darasani. Mwalimu wa Usoke, magharibi ya Tabora kwenye reli iendayo Kigoma, na awatoe wanafunzi kutoka shuleni hadi stesheni, wakiwa na dira na kuhesabu hatua. Kwanza wachore njia kwa nukta mbili, kisha kwa nukta kumi, wailinganishe michoro. Sehemu waliyoipima waichore kwa mstari mzito. Waliyoikisia, kwa vitone. Jibu laweza kuwa sahihi, kama lilivyokuwa la Speke, na bado likakosa uthibitisho. Mtoto anayejua kuvitenga vitone na mstari mzito amekwisha kuelewa grafu.