Srinivasa Ramanujan: Bingwa wa Vipeo

Wahenga walinena kuwa kuteleza si kuanguka. Maisha ya Srinivasa Ramanujan, mwanahisabati wa Bara Hindi, yanaithibitisha kauli hiyo.

Ramanujan alizaliwa tarehe 22 Desemba 1887 mjini Erode, akalelewa Kumbakonam, ambako babake alikuwa karani katika duka la vitambaa. Mwaka 1904 alijiunga na chuo cha mji huo kwa ufadhili wa masomo. Hisabati ilimteka hata akayapuuza masomo mengine. Alipoanguka Kiingereza, ufadhili ukakatizwa. Katika chuo kingine mjini Madras, mtihani ulimshinda tena. Akabaki kijana maskini asiye na shahada, akikokotoa kwenye kibao kwa kuwa karatasi zilikuwa ghali, kisha akinakili matokeo katika madaftari. Mwaka 1912 alipata kazi ya ukarani katika bandari ya Madras kwa mshahara wa rupia 30 kwa mwezi.

Januari 1913 alimwandikia G. H. Hardy, mhadhiri wa Cambridge, Uingereza, akiambatisha kanuni alizozivumbua mwenyewe. Hardy alikitambua kipaji chake, na mwaka 1914 Ramanujan akavuka bahari.

Huko alizama katika swali la vigawo. Kila nambari nzima inayozidi 1 ama ni tasa, yaani hugawika kwa 1 na kwa yenyewe tu, ama huundwa kwa kuzidisha nambari tasa. Kwa mfano, 12 ni 2 mara 2 mara 3. Hivyo kipeo cha 2 ni 2, na cha 3 ni 1. Kila kipeo kikiongezwa 1, kisha majibu yakazidishwa, yaani 3 mara 2, hupatikana 6, ambayo ndiyo idadi ya vigawo vya 12: 1, 2, 3, 4, 6 na 12. Hakuna nambari iliyo chini ya 12 yenye vigawo vingi hivyo. Ramanujan alizichunguza nambari za aina hii, zinazozipiku zote zilizotangulia kwa wingi wa vigawo. Alithibitisha kuwa kipeo cha 2 hakiwi kidogo kuliko cha 3, wala cha 3 kuliko cha 5, na kuendelea. Tena kipeo cha mwisho daima ni 1, isipokuwa katika 4 na 36.

Makala hiyo ilichapishwa mwaka 1915, na Machi 1916 Cambridge ikamtunuku shahada kwa utafiti huo. Aliyeshindwa na mitihani kwao akapata shahada kwa somo lile lile lililomponza. Mwaka 1918 alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society.

Hata hivyo, maradhi yalikwisha kumdhoofisha. Alirejea kwao mwaka 1919, akafariki tarehe 26 Aprili 1920 akiwa na umri wa miaka 32. Sehemu ya utafiti wake wa vigawo, iliyoachwa mwaka 1915 kwa sababu ya uhaba wa fedha za uchapishaji, ilichapishwa mwaka 1997, miaka 77 baada ya kifo chake.