Kuhama kwa Sheikh Abdallah Saleh Farsy

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na Aali zake na Sahaba zake. Ama baada ya haya.

Katika darsa zetu vijana hutuuliza sana khabari ya kuhama. Huyu ataka kwenda Maskati, yule Dubai, na mwengine Uingereza. Takriban wote huuliza ni nchi gani yenye mshahara mkubwa. Wachache mno huuliza ni nchi gani watakayoweza kuihifadhi dini yao na kuwafaa watu watakaowakuta. Kwa hivyo tumeona tuwasimulie maisha ya mwanachuoni ambaye wazee wa mji huu walikaa mbele yake wakasoma, naye hakuwa mzaliwa wa Mombasa. Alikuwa mhamiaji.

Sheikh Abdallah Saleh Farsy alizaliwa Unguja mwaka 1912, katika ukoo wenye asili ya Oman. Alisoma chuoni na skuli, kisha akachukua ilimu kwa mashekhe wakubwa wa zama zile, miongoni mwao Sheikh Abubakar bin Abdallah Bakathir na Sayyid Omar bin Ahmad bin Sumeit. Tangu miaka ya 1930 alikuwa mwalimu katika skuli za serikali, na mwaka 1960 akawa Kadhi wa Unguja. Alikuwa mwandishi, mshairi na mjuzi wa tarehe. Kwa ufupi, alikuwa na kila kitu kinachomfanya mtu asitamani kuuacha mji wake.

Unguja ilipata uhuru tarehe 10 Disemba 1963, na tarehe 12 Januari 1964 yakatokea mapinduzi. Watu wengi waliuawa, na wengi wakakimbia kwa majahazi na mali zao wakaziacha nyuma. Sheikh Abdallah hakutoka siku zile. Alibaki katika kazi yake ya ukadhi kwa miaka mitatu mengine. Moyo wa mtu ni siri baina yake na Mola wake, lakini vitendo viko wazi: watu walikuwa bado wakioana, wakiachana na wakirithiana, nao walikuwa na haja ya kadhi. Hakufanya haraka ya kuhama, na alipohama mwaka 1967 hapana awezaye kusema kuwa aliwatupa watu wake katika siku ya kwanza ya msiba.

Sasa tutazame alivyochagua. Wanavyuoni wa Unguja walitawanyika katika nchi mbalimbali. Mwalimu wake Sayyid Omar alirejea Ngazija alikozaliwa, na huko akafariki mwaka 1976. Sheikh Abdallah alikuja Mombasa. Nasi tukiutazama mji huu kwa macho ya mtu kama yeye, tunaziona sababu.

Ya kwanza ni lugha. Ilimu yake aliisomesha na kuiandika kwa Kiswahili, na mwenye ilimu akihamia kwa watu wasiofahamu lugha yake huwa kama taa iliyofunikwa. Ya pili ni madhehebu, kwani watu wa pwani hii walio wengi ni Mashafii kama alivyokuwa yeye. Ya tatu ni ukadhi. Ukanda wetu wa pwani wa maili kumi ulikuwa milki ya Sultani wa Unguja, na bendera yake nyekundu ikipepea Ngomeni, mpaka Kenya ilipopata uhuru Disemba 1963. Katika mapatano ya Oktoba mwaka ule iliahidiwa kuwa mahkama za makadhi zitabaki, na mwaka 1967, mwaka ule ule aliokuja, sheria ya mahkama hizo ikapitishwa Kenya. Kwa hivyo aliondoka Unguja, lakini hakutoka katika kazi yake.

Wakati ule Kadhi Mkuu wa Kenya alikuwa Sheikh Muhammad Kasim Mazrui, mwanafunzi wa Sheikh al-Amin bin Ali. Mwaka 1968 kiti kile akakikalia Sheikh Abdallah. Tuzingatie, ndugu zetu: mji wenye wanavyuoni wake wenyewe ulimkubali mgeni wa mwaka mmoja awe mkubwa wa makadhi. Hii ni sifa yake, na ni sifa ya wazee wetu pia.

Naye hakuwapotezea imani yao. Mwaka 1969 ilichapishwa Nairobi tafsiri yake kamili ya Qurani kwa Kiswahili, kazi aliyoianza Unguja na kuitoa sehemu kwa sehemu. Mwaka 1972 akakitoa kwa ukubwa zaidi kitabu chake cha wanavyuoni wa Kishafii wa Afrika Mashariki, na ndani yake mashekhe wa Unguja, Lamu, Mombasa na Ngazija wamekaa pamoja. Akaandika pia juu ya bid'a, na kwa jambo hilo wako waliomchukia. Mgeni aghlabu hunyamaza ili apendwe na wenyeji, yeye hakunyamaza.

Tena lilimjia jaribio la pili, nalo ni jepesi kusahauliwa. Mwaka 1970 Sultani Qaboos alishika utawala wa Oman, na nchi ile iliyokuwa imefungwa ikafunguka. Waunguja wengi wenye asili ya huko walikwenda, wakapata kazi na majumba. Sheikh Abdallah, na asili yake ni huko, alibaki Mombasa na darsa zake na mahkama yake kiasi cha miaka kumi baadaye. Alikwenda Maskati baada ya kustaafu, hali ni mzee, na huko akafariki Novemba 1982. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Basi ewe kijana unayetayarisha pasi yako, hatukukatazi kusafiri. Ardhi ya Mungu ni kunjufu, na Mtume wetu mwenyewe alihama. Lakini jiulize mambo matatu: nani utakayemwacha bila ya msaada, dini yako itasalimika vipi huko uendako, na wenyeji watafaidika nini kwa kuja kwako. Ukiwa huna jawabu isipokuwa mshahara, ngoja kwanza. Na sisi tunaobaki, tuwapokee wageni kama wazee wetu walivyompokea Sheikh huyu, kwani hatujui ni nani kati yao aliyechukua ilimu chini ya kwapa lake.

Mwenyezi Mungu azitengeneze nia zetu, za wanaosafiri na za wanaobaki. Amin.